Nani Alileta Lori?

Ukifundisha historia Kasulu, mada ya mauaji ya kimbari haikusubiri ufungue kitabu. Mama anayekuuzia muhogo siku ya gulio alivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni. Kijana wa bodaboda alizaliwa Mtabila, kambi iliyofungwa mwaka 2012. Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, ipo wilaya hiihii, na tangu mwaka 2015 imepokea Warundi pia. Tena Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu mno. Muha hawezi kujifanya hakuelewa kilichosemwa kiti cha nyuma kwenye basi la Kigoma. Kwa hiyo nimekua nikisikia. Kusikia na kuelewa ni mambo mawili, na kwa miaka mingi nilikuwa na la kwanza tu.

Darasani tunafundisha kwa orodha. Sababu za mauaji ya Rwanda: ukoloni, ukabila, uchu wa madaraka, umaskini, Umoja wa Mataifa kushindwa kazi. Mwanafunzi akitaja sita na kufafanua kidogo kila moja, anapata maksi zake anakwenda zake. Nimesahihisha majibu hayo mpaka nikayajua kwa mwandiko. Orodha ile si ya uongo, ila haina mtu ndani yake. Ukoloni ulisimamisha nani kizuizini? Umaskini ulisoma majina ya nani? Ndilo lililonisukuma kujiandikisha sheria Chuo Kikuu Huria, kupitia kituo chake cha Kigoma mjini, nikisoma usiku baada ya kusahihisha na kusafiri kwenda mitihani.

Mtu wa historia akiingia kwenye sheria, cha kwanza kumshtua ni ubahili wake. Sheria haihesabu maiti. Mkataba wa kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari ulipitishwa Paris tarehe 9 Desemba 1948, baada ya Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland ambaye wazazi wake waliuawa katika vita ile, kuwaganda wanadiplomasia mpaka wakamchoka. Ibara ya 2 inataja vitendo vitano: kuua, kuumiza vibaya mwili au akili, kuliwekea kundi hali ya maisha ya kuliangamiza, kuzuia uzazi, na kuhamisha watoto kwa nguvu kwenda kundi jingine. Wanafunzi wangu huwa hawaamini kwamba vinne kati ya hivyo vinaweza kutimia bila mtu kufa papo hapo. Makundi yanayolindwa nayo ni manne tu: la taifa, la kabila, la rangi na la dini. Makundi ya kisiasa yaliachwa nje wakati wa kuandika, na Urusi ya Kisovieti ilikuwa miongoni mwa waliotaka hivyo. Ukiua watu laki moja kwa sababu ya chama chao, una jinai nyingine nzito, lakini si hii.

Halafu kuna nia. Lazima ithibitike kwamba mtendaji alikusudia kuliangamiza kundi, lote au sehemu yake, kwa sababu ni kundi lile. Nilipofika kwenye kesi ya Bosnia dhidi ya Serbia nilikasirika kwelikweli. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika hukumu ya tarehe 26 Februari 2007, ilisema mauaji ya kimbari yalifanyika Srebrenica, ambako jeshi la Waserbia wa Bosnia liliua wanaume na wavulana wa Kiislamu wapatao 8,000 mwezi Julai 1995. Kambi za mateso na mauaji ya sehemu nyingine za Bosnia, ambayo mahakama yenyewe ilikubali kwamba yalitokea, hayakupewa jina hilo kwa sababu nia ile mahsusi haikuthibitika. Serbia ilionekana na kosa la kutozuia na la kutoadhibu, si la kutenda. Niliifunga simu nikalala. Nilijiuliza inasaidia nini sheria inayosoma ukurasa baada ya ukurasa wa vilio kisha inasema ushahidi hautoshi.

Jibu lilikuja kwa hukumu nyingine, niliyoipakua kwa bando la usiku: ya Jean-Paul Akayesu, iliyotolewa Arusha tarehe 2 Septemba 1998. Ajabu ni kwamba kwa Mtanzania mahakama ile, ya kimataifa ya kuhukumu mauaji ya Rwanda, ilikuwa nyumbani kwake, na bado walimu wengi ninaowafahamu wanaitaja kwa mstari mmoja. Baraza la Usalama liliiunda Novemba 1994, ikakaa Arusha, ikashtaki watu 93, ikafungwa mwisho wa mwaka 2015. Hukumu ya Akayesu ilikuwa ya kwanza duniani ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Hata Nuremberg, walikoshtakiwa viongozi wa Kinazi, majaji hawakumhukumu mtu kwa kosa hilo, maana halikuwemo kwenye mamlaka yao.

Akayesu alikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa shule, kabla ya kuwa mkuu wa komini ya Taba nchini Rwanda, mtu mwenye nguvu zaidi kidogo ya mtendaji wa kata wa kwetu. Hilo lilinifanya nikae vizuri kitini. Hukumu inasimulia kwamba siku za mwanzo, baada ya ndege ya Rais Habyarimana kudunguliwa tarehe 6 Aprili 1994 akitoka mkutanoni Dar es Salaam, Akayesu alijaribu kuzuia mauaji yasiingie Taba. Tarehe 18 Aprili viongozi wa serikali ya mpito waliwaita wakuu wa komini mkutanoni. Asubuhi iliyofuata Akayesu alisimama mbele ya umati akahimiza watu waungane dhidi ya adui, na umati ukaelewa adui ni nani. Mahakama iliridhika kwamba Watutsi wasiopungua 2,000 waliuawa Taba kati ya Aprili na mwisho wa Juni.

Ninachotaka uone ni namna majaji walivyoitafuta nia. Hawakumpasua kifua. Waliuliza mambo ambayo karani yeyote angeuliza: nani aliitisha mkutano, ulifanyika wapi, alisema nini mbele ya nani, nani alikuwa na polisi wa komini chini yake, watu waliokimbilia ofisini kwake walifanywa nini, na yeye alikuwa amesimama wapi. Na walisikiliza yasiyokuwemo kwenye hati. Mashtaka ya mwanzo hayakuwa na ubakaji. Shahidi mmoja mwanamke, akiulizwa mambo mengine, akaeleza alichotendewa mtoto wake, majaji, akiwemo Navanethem Pillay, wakamwuliza zaidi, akafuata mwingine. Juni 1997 hati ilibadilishwa, na mwisho ikaamuliwa kwamba ubakaji nao, ukifanywa kwa nia ile, ni mauaji ya kimbari. Mwaka 1948 hakuna aliyeandika hivyo. Lilitoka kwa mama wa kijijini ambaye hakunyamazishwa.

Hapo ndipo nikaanza kuuliza maswali tofauti hata nje ya masomo.

Jirani yangu mmoja, mzee, hutengeneza baiskeli kando ya barabara. Alikuja mwaka 1972 akiwa kijana, miongoni mwa Wahutu waliokimbia Burundi ya Rais Micombero na kukaa vijijini Kigoma badala ya kupelekwa makazi kama Ulyankulu kule Tabora. Mwaka ule, baada ya uasi wa mwishoni mwa Aprili kusini mwa nchi, jeshi, lililotawaliwa na Watutsi, na vijana wa chama tawala waliwakamata Wahutu waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi wa sekondari. Makadirio ya waliouawa ni kati ya 100,000 na 300,000. Miaka iliyopita nilikuwa nimemwuliza swali la kitabuni, kwa nini mlichukiana. Hakuinua macho kwenye rimu aliyokuwa anainyoosha. “Mwalimu, mimi nilikuwa nalala nao chumba kimoja,” akasema, mazungumzo yakaishia hapo.

Safari hii nilimwuliza: Mzee, lori nani alilileta?

Aliweka spana chini. Lori, akasema, lilikuwa la idara ya barabara, dereva alikuwa anamfahamu kwa sura kwa sababu ndiye aliyekuwa akileta changarawe shuleni. Askari walitangulia na jipu. Yeye alikuwa chumba cha wagonjwa na malaria, ng’ambo ya uwanja, dirisha likiwa wazi. Majina yakasomwa kwa kufuata madarasa, kuanzia la chini. Alisikia na lake likisomwa, na likasomwa vibaya, kwa herufi moja iliyokosewa. Kosa lile lilikuwa mahali pamoja tu duniani: kwenye daftari la mahudhurio, alikoandikwa hivyo siku ya kwanza na hakuna aliyejisumbua kurekebisha. Ndivyo alivyojua karatasi ile imetoka ofisi ya shule, si kambini kwa askari. Alitoka kwa mlango wa jikoni. Kuhusu safari ya mpaka mto Malagarasi hakutaka kusema mengi, nami sikumsukuma.

Mimi huita mahudhurio kila asubuhi. Sitajifanya hadithi ile haikuniganda.

Katika kikundi chetu cha kujisomea kulikuwa na mama wa Kitutsi, Mrundi kwa kuzaliwa. Baba yake aliuawa Oktoba 1993, siku chache baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa na wanajeshi tarehe 21. Watutsi wengi wa vijijini waliuawa wiki zile na majirani zao, na jeshi nalo likaua Wahutu wengi kwa kulipiza. Yeye hakumbuki hotuba. Anakumbuka miti iliyoangushwa barabarani mapema ili jeshi lisipite, na anakumbuka ni nani aliyekuwa na ufunguo wa stoo ya misumeno. “Hasira haina ufunguo wa stoo,” alituambia, na kwa kweli sijapata kusikia maelezo bora ya nia mahsusi kutoka kwa mhadhiri yeyote.

Sasa fikiria watu hawa wawili wanakaa mji mmoja, wanasalimiana “mwakeye” asubuhi, kila mmoja na wafu wake. Kikundi kiliwahi kukorofishana vibaya. Mmoja wetu alisema kwamba ya Rwanda yana mahakama na hukumu, ya Burundi hayana, basi ya Burundi yalikuwa vita vya kawaida. Mwingine akaanza kulinganisha idadi. Nikawakumbusha ninachoamini hadi leo: kukosa hukumu ni habari kuhusu mahakama, haiwi habari kuhusu waliokufa. Ripoti ya mwaka 1985 iliyoandikwa na Benjamin Whitaker kwa ajili ya Umoja wa Mataifa iliyataja mauaji ya Wahutu ya mwaka 1972 kama mfano wa mauaji ya kimbari. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa iliyoripoti mwaka 1996 ilisema vitendo vya mauaji ya kimbari vilifanywa dhidi ya Watutsi Oktoba 1993. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilitangaza mwishoni mwa mwaka 2021 kwamba ya mwaka 1972 yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo hukumu ya mahakama. Mwanasheria atakwambia hivyo na atakuwa sawa. Lakini mwanahistoria hangoji jaji ndipo afungue daftari, na ukimpelekea mama yule wafu wa mzee kama jibu la wafu wake, umemtukana yeye na mzee pia. Mimi nilishaacha kuweka mizani. Kwa kila moja nauliza upya: mkutano, orodha, lori, ufunguo.

Na maswali hayo yanafanya kazi hata kwa yasiyotokea. Hapa Buha watawala wa zamani, wakiwemo wa Heru ambako ndiko Kasulu yenyewe, walitoka koo za Kitutsi. Wanafunzi wakisikia hilo hutazamana. Mbona kwetu haikuwa kama ng’ambo? Wao hupenda jibu la Nyerere na umoja wa kitaifa, na si jibu baya. Ila mimi nawapeleka kwanza kwenye karatasi. Rwanda na Burundi zilikaa chini ya Wabelgiji, na Rwanda ya miaka ya 1930 ikapata vitambulisho vilivyoandikwa kabila la mwenye nacho. Kigoma nayo ilikaliwa na Wabelgiji tangu vita ya kwanza ya dunia, lakini mwaka 1921 ikakabidhiwa Waingereza. Mstari wa ramani ukapita ulipopita. Mwaka 1994 kwenye vizuizi vya barabarani kitambulisho kile ndicho kilichoulizwa. Bila shaka Watutsi wa Buha walikuwa wachache sana na mambo mengine yalitofautiana, siwezi kuegemeza kila kitu kwenye kadi. Hata hivyo, kumwua mtu kwa kundi lake kunahitaji kwanza mtu aandikwe kundi lake, na kuna ofisi iliyoandika.

Swali la Majimaji huja kila mwaka, na nalipenda. Wajerumani walitufanyia nini sisi? Naanzia bandarini, kwenye Liemba. Meli ile ilijengwa Papenburg mwaka 1913 ikiitwa Graf von Goetzen, na Götzen huyo ndiye aliyekuwa gavana wakati wa vita vya Majimaji, na ndiye aliyekatiza Rwanda mwaka 1894. Mei 2015, Warundi walipokimbia nchi yao wakajazana Kagunga, kijiji cha mpakani, na kipindupindu kikaingia, meli hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikiwaleta Kigoma. Chini ya Götzen jeshi lilichoma mashamba na maghala kusini, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Makadirio yanaanzia 75,000 hadi 300,000. Namibia, miaka ileile, Jenerali Lothar von Trotha, aliyewahi kutumikia jeshi hapa kwetu, alitoa amri ya tarehe 2 Oktoba 1904 kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka, mwenye bunduki au asiye nayo, apigwe risasi. Ujerumani ilikubali mwaka 2021 kuyaita ya Namibia mauaji ya kimbari. Kwetu, Rais Steinmeier alikuja Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha, na jina hilo hakulitumia.

Darasa hugawanyika. Wengine wanasema njaa ya makusudi ni “hali ya maisha ya kuangamiza”, neno kwa neno la Mkataba. Wengine wanajibu kwamba Mjerumani alitaka watu wajisalimishe wakalime pamba yake. Mtu hamalizi vibarua wake. Mimi naegemea upande wa pili kwa sheria, na naona aibu kidogo kwamba hoja yenyewe inasimama juu ya pamba. Sheria ile nayo ni ya mwaka 1948, hairudi nyuma kumfunga Götzen. Nawaachia wabishane.

Kuna jambo jingine nalisema haraka kwa sababu linanihusu na ni chungu. Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio RTLM iliyochochea mauaji ya Rwanda, alikuwa mhadhiri wa historia chuo kikuu. Arusha ilimhukumu mwaka 2003, na kwenye rufaa mwaka 2007 akabakiwa na kifungo cha miaka 30. Uchochezi wa wazi na wa moja kwa moja ni kosa peke yake chini ya Ibara ya 3, hata kama aliyechochewa hakuua. Tangu niisome kesi hiyo siziachi zipite kauli za ofisi ya walimu kama “wakimbizi ndio majambazi”. Wenzangu huniona naleta uanasheria. Sawa. Mwizi ana jina lake. Ashtakiwe kwa jina lake.

Mwaka huu nimejaribu kufundisha kidato cha sita kesi ya Gambia dhidi ya Myanmar, iliyofunguliwa Novemba 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, kwa ajili ya Warohingya, jamii ya Waislamu wa Myanmar. Gambia haipakani na Myanmar, haina raia wake waliouawa kule. Waziri wa sheria aliyeisukuma, Abubacarr Tambadou, aliwahi kufanya kazi ofisi ya mwendesha mashtaka Arusha. Myanmar ilipinga kwamba Gambia haihusiki, na tarehe 22 Julai 2022 mahakama ikasema nchi yoyote mwanachama wa Mkataba ina haki ya kuudai utekelezwe. Mkono ukanyooka nyuma: “Mwalimu, basi hata Tanzania inaweza?” Inaweza, tulijiunga mwaka 1984. Na kwa nini haijawahi? Hilo niliwapa waandike nyumbani.

Wengi walileta gharama za mawakili. Msichana mmoja aliandika kwamba Gambia iliweza kwa sababu Myanmar iko mbali, ila anayepakana na mtu, anayefanya naye biashara ya muhogo na kuwapokea watu wake kila vita ikizuka, hawezi kumpeleka The Hague na kesho akamfungulia mpaka. Nilimwandikia pembeni alete mfano wa kumpinga mwenyewe. Akarudi na Bosnia na Serbia, majirani kabisa, pamoja na swali ambalo bado tunalijadili: kama kesi ilichukua miaka 14 kati ya nchi mbili zilizopakana, nani alikuwa analisha wakimbizi muda wote huo.